Usizifungue kwanza hizo dawa

*Kikundi: Kina Mama wa Nyumbani*

Shangazi Asha: [picha] Mwaju mwanangu jirani kanitumia hii, dawa za kupevusha mayai unaletewa mpaka mlangoni, kuna dada hapa Chumbageni kapata mapacha kwa hizi hizi. Nimeona nikutumie

Mwaju: Shikamoo shangazi. Mi nshaagiza tangu jana hao hao, dozi ya miezi 3 na sindano 2 wameniongezea bure. Boda kanipigia yuko njiani

Dada Rehema: Mwaju usizifungue kwanza hizo dawa. Nakupigia hupokei

Mwaju: Niko kwenye daladala dada, kuna nini

Dada Rehema: Ngoja niandike hapa hapa na wengine wasome. Mnakumbuka 2019 nililazwa siku 6 tukasema malaria? Haikuwa malaria, anayejua ni mama peke yake. Nlinunua dawa kama hizo mtandaoni, zikaja kwenye bahasha ya kaki vidonge vimekatwa kwenye ukanda wake, pale penye tarehe ya kuisha pamekatwa na mkasi, na mi nikaona kawaida tu. Nikamuuliza muuzaji nakunywaje akaniandikia kunywa 2 asubuhi 2 jioni mpaka uone mabadiliko. Nikanywa siku 10. Siku ya nane nikiangalia taa ya jikoni naona vimulimuli vinacheza, nikasema uchovu. Halafu tumbo likaanza kujaa, jamani kanga ilikuwa haifungi kiunoni, natapika, mkojo unatoka kidogo sana na pumzi nayo inakata. Kupigwa altrasaundi ovari zimevimba na kuna maji tumboni. Daktari ananiuliza dawa gani, miligramu ngapi, nani kakuandikia, nimebaki namtazama tu sina jibu hata moja

Shangazi Asha: Subhanallah Rehema!! Na mi nilikuletea uji wa malaria

Dada Rehema: Na shangazi hapo sijamaliza. Nilipopona wakanipiga picha ya mirija, yote miwili imeziba. Dawa ya kupevusha mayai haizibui mirija, hata ningekunywa mwaka mzima. Nilikuwa najiua kwa dawa ambayo shida yangu wala haiihusu

Mama mdogo Zuhura: Pole mwanangu. Mi nimekaa kwenye duka la dawa miaka 14 naomba niongeze. Kwenye hiyo picha ni klomifeni, ni dawa halali kabisa na imesaidia wengi, lakini ni ya cheti. Daktari huwa anaanza na kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku, siku 5 TU, unaanza siku mojawapo kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi, basi unasubiri aone mayai yamekuaje. Haiendelezwi ovyo, kwa kawaida haizidi mizunguko 6. Ukianza kuona ukungu au vimulimuli unaacha siku hiyo hiyo na kurudi kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa ini hapewi, mwenye vifuko vya maji kwenye ovari anaangaliwa kwanza. Sasa muuzaji wa kwenye simu atayajuaje hayo

Mama mdogo Zuhura: Na hizo sindano ndo zinanitisha zaidi. Sindano nyingi za homoni za uzazi zinatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, sasa yako inakuja kwenye begi la boda juani. Na hapo tunasema kama ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani walisema 2017 kwenye nchi kama zetu dawa 1 katika kila 10 ni bandia au iko chini ya kiwango

Shangazi Asha: Lakini Zuhura hospitali nako nenda rudi, vipimo, pesa, mtoto wa watu miaka 3 kwenye ndoa. Na yule wa mapacha je

Mama mdogo Zuhura: Dada nakuelewa. Ila mapacha kwa dawa hii ni kama wanawake 7 katika 100 wanaoshika mimba, na mimba ya mapacha inataka uangalizi, wengi wanazaliwa kabla ya wakati. Yeye kapata, wangapi hawakupata hawasemi?

Mwaju: Mnasema kweli ila hamjui ninavyoishi. Mama mkwe kaniuliza mbele ya wageni kama nakunywa vidonge vya uzazi wa mpango. Nililia chooni. Ndo maana nikaagiza

Dada Rehema: Najua mdogo wangu, nimepita humo humo. Mumeo kapima?

Mwaju: Hajapima. Anasema yeye mzima

Dada Rehema: Wote tulisema hivo. Karibu nusu ya ndoa zinazohangaika mwanaume naye yumo kwenye tatizo, na kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote. Baba Nasra ataongea naye kiume, niachie mimi

Mama mdogo Zuhura: Mwaju siku zako za mwisho lini?

Mwaju: Kama wiki 6 hivi. Zangu huwa zinaruka

Mama mdogo Zuhura: Umepima mimba?

Mwaju: Hapana

Mama mdogo Zuhura: Mwanangu!! Dawa hii hainywewi na mjamzito. Asubuhi mkojo wa kwanza kabla ya kitu chochote

Mwaju: [picha] Boda kafika. Angalieni hii tarehe

Dada Rehema: Imefutwafutwa. Yangu ilikatwa, ni yale yale

Mama mdogo Zuhura: Usitupe wala usimpe mtu. Weka kwenye mfuko na ile namba ya muuzaji, nitawapelekea TMDA, wale mamlaka ya dawa, mwenyewe. Jumatatu saa 2 nikukute getini tuingie kwa daktari pamoja, andika tarehe za hedhi zako za miezi 6 unazozikumbuka

Mwaju: Sawa mama mdogo. Ntakuja

Shangazi Asha: Na mi ile picha nimeituma kwenye kikundi cha vikoba pia, wako wanawake 40 mle. Naenda kuifuta sasa hivi na kuwaeleza