Elden Ring ama No Man's Sky? Nina pesa ya gemu moja

Mtoto_wa_Tudor
Salaam jamani. Nisaidieni maana nshachoka kuwaza peke yangu. Nimeweka weka pesa tangu mwezi wa pili na sasa inatosha gemu moja, zimebaki hizi mbili. Elden Ring ni mapanga na majoka, No Man's Sky ni chombo cha anga na sayari. Kazi yangu ni ya shifti, nafika nyumbani saa nne usiku, nateza saa moja na nusu, nikibahatika mbili, halafu nalala. Skyrim ya 2011 naijua pango kwa pango na bado naipenda, kwa hivyo moyo uko upande wa mapanga, lakini tangu utotoni tukilala darini kwa ajili ya joto nilikuwa naangalia juu mpaka usingizi unanipata, na hamu hiyo haijanitoka. Walioteza zote niambieni uzuri na kinachokera pia, msinifiche.

Dada_wa_Bamburi
Elden Ring na sibahatishi, nimeimaliza mara mbili. Ile dunia kuna watu walikaa wakaipanga kila kona, ukiuona mnara kule mbali ujue unafikika na ukifika kuna kitu kinakungoja. Ukitoka tu mwanzoni utamkuta mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu anazunguka njiani, wageni karibu wote wanamwendea na wanauliwa, na hakuna anayekukataza. Kumbe unaweza kumpita pembeni ukaenda zako ukarudi baadaye na nguvu zako. Siku niliyorudi nikamuangusha nilipiga kigelegele saa saba ya usiku.
Kinachokera sasa. Hakuna pa kupunguza ugumu. Ukifa runi zako, yaani zile pointi za kununulia nguvu, zinabaki pale ulipoanguka, ukifa tena kabla hujaziokota basi zimekwenda. Na misheni haziandikwi popote, mtu anakwambia jambo leo, ukikaa wiki mbili hujaingia ushasahau alitaka nini. Mimi naandika kwa daftari. Kwa mtu wa saa moja na nusu, hilo lifikirie.

fundi_Mwembe_Tayari
Kabla hamjampeleka mbali, mashini yako ikoje? Elden Ring inataka RAM, ile memori ya kufanyia kazi, ya 12GB na nafasi ya 60GB, No Man's Sky 15GB unaidaunlodi usiku mmoja. Starfield, nayo gemu ya anga, usiitazame kabisa kama huna SSD, ile diski ya kasi, yenye 125GB tupu.
Halafu stima. Elden Ring inasevu yenyewe kila mara, ikikatika ukipigana na bosi, yaani adui mkubwa, unarudi mlangoni kwake. No Man's Sky zamani ilikuwa inasevu ukishuka chomboni ama kwa kile kituo cha kusevu unachojijengea, basi mtu alikuwa anashuka, anatembea saa nzima anachimba madini, taa zinazima, saa nzima imepotea. Nimewaona watu wazima wameshika kichwa. Na mashini hizi zetu za karibu na bahari feni inashika vumbi lenye unyevu na chumvi, mwezi wa tatu laptopu inachemka hata kabla ya gemu kufunguka, isafishe kwanza.

Kisauni_Usiku
Mimi ni mtu wa No Man's Sky tangu 2016 ile ilipotoka watu wakakasirika kwamba waliyoahidiwa siyo waliyoyapata, na walikuwa na haki, hata kuonana na mwenzako haikuwezekana. Lakini wale jamaa wa Hello Games walioitengeneza hawakukimbia, wameleta apdeti baada ya apdeti bila kudai shilingi, 2018 ndipo ikaja kuteza pamoja sawasawa. Idadi ya sayari ni zaidi ya 18 ukiiandika na sufuri 18 nyuma yake. Unatua mahali mvua ni ya sumu na nyasi ni za zambarau na hakuna mtu aliyewahi kukanyaga, unapapa jina wewe. Nshaita sayari yangu Mtopanga.
Ukweli wake ni kwamba ukishatua kumi ishirini unaanza kuona mnyama yule yule kabadilishwa kichwa. Na ule mkoba unajaa kila dakika, na kila saa unachimba ili ujaze kinga ya joto, ujaze oksijeni, ujaze mafuta ya kurukia, mpaka unahisi bado uko kazini.

Dada_wa_Bamburi
@Kisauni_Usiku hapo ndipo huwa nawaambia. Ukubwa mwingi lakini hakuna aliyekuwekea kitu kule. Mtu ametoka shifti anaenda kuchimba tena?

Nahodha_wa_Mtongwe
Dada yangu, ukubwa nao una utamu wake. Niko Elite Dangerous, gemu nyingine ya anga, ni galaksi yetu hii hii kwa kipimo chake, mifumo ya nyota bilioni 400, na zile nyota zinazojulikana zimewekwa mahali pake. Babu yangu alikuwa mkulima, kalenda yake ilikuwa Kilimia, lile kundi la nyota, akisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Basi nikafunga safari mpaka Kilimia, mamia ya miaka ya nuru, nikafika zile nyota za buluu na ukungu wake, nikazima injini nikakaa kimya. Hakuna panga lililowahi kunipa hilo.
Lakini kaka wa Tudor, intaneti lazima iwe hewani muda wote hata ukiteza peke yako. Na mafuta unachota kwa nyota, ila si kila nyota inachoteka, niliishiwa mahali pasipo na kitu nikawaita Fuel Rats, hao ni wachezaji wanaojitolea kupelekea mafuta waliokwama, akaja mtu asiyenijua kabisa, akanijaza, akaenda zake.

fundi_Mwembe_Tayari
Na Outer Wilds mbona hamuitaji? Ya 2019. Ni ya anga, na kila jiwe limewekwa kwa mkono kama anavyotaka Dada. Sayari chache tu, kuna moja bahari tupu, vimbunga vinarusha visiwa mpaka nje kabisa halafu vinaanguka tena majini. Jua linalipuka kila dakika 22 na unaanza upya, usiku wako unatosha mizunguko mitatu minne. Ukitoka katikati, uliyogundua yameandikwa chomboni, daftari huhitaji. Bei haifiki nusu ya hizo mbili.
Kinachouma: chombo hakisimami upesi, utajigonga sana, na muda unakukatiza pale pale penye siri. Tena ukishaijua mwisho wake huwezi kuiteza upya, maana hakuna nguvu za kukusanya, ni kujua tu.

Dada_wa_Bamburi
Hiyo nakubali. Nililia mwisho wake.

Mtoto_wa_Tudor
Mashini ni RAM 8GB, kwa hivyo Elden Ring imejitoa yenyewe, itasubiri. Nachukua Outer Wilds, na pesa inayobaki naiweka, No Man's Sky ikishushwa bei Kisauni nitakuja kuitembelea hiyo Mtopanga. Nahodha, hayo ya babu yako nimeyasoma mara tatu.
Fundi nije lini na hiyo feni?

fundi_Mwembe_Tayari
Jumamosi saa tatu asubuhi. Njoo na chaja.