Kuigiza "Oklahoma!" bila dansi ya ndoto: inafaa?

Swali

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Kikundi chetu ni cha waigizaji wa ridhaa, watu 18, na baada ya ubishi wa majuma kadhaa tumekubaliana kuigiza "Oklahoma!", tamthilia ya nyimbo ya Rodgers na Hammerstein. Waimbaji tunao na mpiga piano tunaye. Kinachotukwamisha ni dansi ndefu ya ndoto inayofunga sehemu ya kwanza, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa kucheza jukwaani. Mwongozaji wetu anapendekeza tuiondoe, tuishie kwenye wimbo unaotangulia wa Laurey, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, kisha twende mapumziko. Je, watazamaji watapoteza chochote? Na je, kuna anayeweza kutuzuia?

Jibu la kwanza

Nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo litakalowagharimu. Hammerstein alifariki mwaka 1960 na Rodgers mwaka 1979, hivyo haki za kazi hii bado zina wenyewe, na kikundi cha ridhaa hulipia leseni kama kikundi kingine chochote. Leseni hairuhusu kukata onyesho, kubadili maneno wala kutafsiri nyimbo mpaka mpewe kibali cha maandishi. Sisi tuliwahi kufanya mazoezi miezi miwili na kushona maleba yote kabla ya kuomba, kisha tukanyimwa. Maleba hayo yapo kabatini hadi leo.

Jibu la pili

Mwenzangu amesema kweli kuhusu haki, lakini hata kama mngepewa ruhusa nisingeshauri muikate dansi hiyo. Katika ndoto Laurey anajiona akifunga ndoa na Curly, mchunga ng'ombe anayempenda, kisha Jud, kibarua wa shambani kwao, anaingia, anamuua Curly na kumbeba bibi harusi. Anapozinduka, Jud huyohuyo amesimama mbele yake akimsubiri waende sherehe, naye anafuatana naye kwa hofu. Ondoeni ndoto, na mtazamaji atabaki kumwona msichana mwenye kiburi anayekwenda na mwanamume asiyempenda ili kumkomoa mwingine. Hofu yenyewe, ambayo ndiyo inayoibeba sehemu yote ya pili hadi kifo cha Jud, Laurey huitaja kwa maneno kwingineko, lakini ni ndotoni tunapoiona kwa macho.

Ugumu wenu, kwa maoni yangu, ni kwamba mnaifikiria dansi aliyoitunga Agnes de Mille kwa onyesho la kwanza la mwaka 1943, ambamo Laurey na Curly walipokewa na wachezaji stadi waliowawakilisha ndotoni. Si lazima iwe hivyo. Katika onyesho la Broadway la mwaka 2019 ndoto ilimtegemea zaidi mchezaji mmoja aliyecheza peku, na bendi nzima ilikuwa na wapiga ala saba tu. Waigizaji wenu wenyewe wanaweza kutembea, kugeuka, kushikana mikono na kuachana kwa kufuata muziki, mradi kila mwendo uwe na sababu. Mtu asiyejua kucheza lakini anayejua anamwogopa nani hutazamika vizuri kuliko mnavyodhani.

Jibu la tatu

Ikiwa ada itawashinda, itazameni "H.M.S. Pinafore", opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan, iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1878. Haki za watunzi zimekwisha muda, na matukio yote yako kwenye sitaha ya meli moja, kwa hiyo mandhari hujengwa mara moja tu. Angalieni tu nota mtakazotumia, maana mpangilio mpya wa muziki unaweza kuwa na mwenyewe.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Mwongozaji amesoma jibu la pili mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza kama Laurey wetu anaweza kufanya mazoezi bila viatu. Maombi ya leseni tunayaandika leo jioni, na maleba hatutayagusa mpaka tujibiwe.