WRX ya 2003: makadirio ya 4,870,000. Bei halali au napigwa?

Mwenye_GDA

Habari zenu wakuu. Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, injini EJ205, gia tano za mkono, imetembea kilomita 168,000. Iko Dar. Klachi inateleza gia ya nne ukikanyaga mafuta mlimani. Ukikaa kwenye foleni kuna harufu ya oili kuungua pamoja na moshi. Hakuna kumbukumbu yoyote kwamba mkanda wa taimingi umewahi kubadilishwa. Joto liko sawa, mshale haujawahi kuvuka katikati. Karatasi ya gereji inasema hivi, kwa shilingi za Tanzania:

Mkanda wa taimingi 180,000
Wota pampu 260,000
Gasketi za tapeti kava (vifuniko vya valvu), pande zote 160,000
Klachi, pleti na presha 850,000
Turbo ya mtumba 1,300,000
Mauntingi za injini, 2 200,000
Gasketi za silinda hedi, 2 ("kwa tahadhari") 420,000
Oili na vimiminika 300,000
Ufundi 1,200,000
Jumla 4,870,000

Nifanye lipi, niache lipi, na huo ufundi wa 1,200,000 ni sawa?

boksa_nne

Mkuu, anza na mkanda wa taimingi, maana hapo karatasi imekosea kwa kupunguza, siyo kwa kuzidisha. Kwenye EJ205 mkanda ukikatika au ukiruka meno, valvu zinagonga pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo wewe umeshapita kama ule wa kiwandani bado uko mle. Ila mara nyingi siyo mkanda unaokufa kwanza. Ni beringi za rola zinazokauka grisi, au tenshena ya haidroliki (kinachokaza mkanda) inayovuja na kulegea. Rola ikikwama, mkanda mpya kabisa unaliwa ndani ya dakika chache. Kubadilisha mkanda peke yake kwenye gari la kilomita 168,000 ni kulipa ufundi mara mbili. Dai seti kamili: mkanda, rola zote laini, rola yenye meno, tenshena na wota pampu. Pampu inazungushwa na mkanda huohuo, ndiyo maana haifai kuiacha ya zamani.

Hapohapo mbele kuna oili pampu, nyuma ya gia ya krenki (shafti kuu ya injini). Mwambie fundi aifungue aangalie skrubu za kile kibati cha nyuma. Zina tabia ya kulegea, na presha ya oili inashuka bila kelele yoyote. Azikaze kwa gundi ya nyuzi za skrubu, abadilishe oringi na sili ya krenki ya mbele. Spea zake ni bei ndogo sana ukilinganisha na beringi za koneti (mikono inayounganisha pistoni na krenki) kufa.

Gasketi za silinda hedi "kwa tahadhari": futa. Sifa mbaya ya Subaru kuvuja gasketi ilitokana zaidi na EJ25, injini ya lita 2.5 yenye silinda za kipenyo cha milimita 99.5. EJ20, familia ya EJ205 yako, ina milimita 92 kwenye bloku ya umbo lilelile, kwa hiyo chuma kinachobaki kati ya silinda na njia ya maji ni kingi zaidi. Haimaanishi haziungui, ila hazibadilishwi bila kipimo. Kuna kipimo cha kemikali ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa tanki la maji injini ikiwa na moto. Ikigeuka njano, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ongeza kipimo cha presha ya mfumo wa maji, psi 15 kwa nusu saa, uone kama inashuka.

Na angalia karatasi yenyewe: gasketi zipo, lakini hakuna kupima wala kupiga fesi hedi (kuchonga uso wake unyooke). Gasketi za chuma za tabaka nyingi zinahitaji uso ulionyooka na laini. Anayezipanga bila kupeleka hedi kwa mchongaji anakuundia uvujaji ambao leo haupo.

Kamba_na_Spana

Moshi unatoka wapi hasa, ekzosi au chini ya boneti? Jibu la swali hilo lina thamani ya 1,300,000.

Injini hii imelala, tapeti kava zimekaa ubavuni, na bomba la ekzosi linapita chini yake. Gasketi ikivuja, tone linaangukia bomba la moto. Ukiwa mwendoni upepo unalifukuza. Ukisimama foleni harufu na moshi vinapanda kupitia boneti na kuingia ndani ya gari. Dalili zako zinafanana na hiyo kuliko turbo. Turbo inayovujisha oili upande wa ekzosi hutoa moshi wa bluu nyuma, hasa ukiacha injini bila mzigo dakika kadhaa kisha ukanyage.

Kabla hujanunua turbo, fungua hosi ya hewa inayoingia kwenye turbo, injini ikiwa baridi. Shika ncha ya shafti. Ikicheza kidogo kushoto na kulia usiogope, nafasi hiyo hujazwa na oili injini ikiwaka. Vuta na sukuma kwa urefu wake: hapo isionekane kucheza kabisa. Halafu zungusha ukiisukuma upande mmoja. Mapanga yasiguse ukuta. Utando mwembamba wa oili ndani ya hosi ni kawaida, unatoka kwenye mfumo wa kupumulia injini. Oili iliyotuama ndani ya intakula (kipoza hewa ya turbo) ndiyo habari mbaya.

Turbo ikiwa kweli imekufa, usikubali kufungiwa nyingine kabla ya kujua iliyokufa imeuawa na nini. Baadhi ya WRX za kizazi hiki zina kichocheo cha kusafisha moshi ndani ya bomba linalopandisha moshi kwenye turbo. Kikipasuka, vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye mapanga. Kwenye injini zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka), mabomba ya oili yana vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti, navyo vikiziba oili inakatika. Ukiweka turbo ya mtumba juu ya hali hiyo, utarudi gereji na malalamiko yaleyale.

Dai pia kipimo cha kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, pedali ya mafuta chini kabisa, betri yenye chaji. Injini isiyo na tatizo husoma karibu psi 140 hadi 170, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Silinda moja ikiwa chini, mwaga kijiko kimoja cha oili ndani yake, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka au pistoni imepasuka kwenye kingo za ringi. Isipopanda, tafuta kwenye valvu. Matokeo yakiwa mabaya simamisha matengenezo yote, maana hutaki klachi mpya nyuma ya injini inayosubiri kufunguliwa.

gia_ya_tatu

Nizungumzie ufundi na klachi, kwani wenzangu wamegusa injini tu.

Ufundi wa Subaru haujumlishwi kazi kwa kazi. Mkanda wa taimingi injini ikiwa ndani ya gari ni saa 3 hadi 4. Tapeti kava saa 2 au 3, kwa sababu ya ufinyu. Klachi saa 6 hivi. Ukijumlisha unafika saa 11 hadi 13. Lakini injini ikitolewa nje, mkanda na tapeti kava vinafanyika juu ya meza bila kubanwa na chasisi, klachi inabaki wazi, na mauntingi tayari zimefunguliwa. Kwa hiyo muulize: umehesabu injini ikiwa ndani au nje? Kama alihesabu kila kazi peke yake kisha akaitoa injini, unalipia kazi moja mara tatu. Isitoshe, ile 1,200,000 ina ufundi wa turbo na wa hedi ndani yake. Vitu hivyo viwili vikiondoka, ufundi nao lazima ushuke. Usikubali abaki na namba ileile.

"Pleti na presha" siyo seti. Inatakiwa na beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, na flaiwili ipelekwe kupigwa fesi. Flaiwili yenye madoa ya bluu ya joto ikifungwa hivyohivyo, klachi mpya itatetemeka kila unapoondoka. Angalia pia aina: kuna klachi za kuvuta na za kusukuma kwenye Subaru, na seti zake haziingiliani. WRX za miaka hii zenye gia tano kwa kawaida ni ya kuvuta, pleti ya milimita 230. Kwenye ya kuvuta, shafti ya uma wa klachi lazima itolewe kupitia kizibo cha pembeni kabla ya kutenganisha injini na giaboksi. Asiyejua hilo hulazimisha kwa mtaimbo na kuvunja uma.

Muhimu zaidi: kabla ya kulaumu pleti, hakikisha haikulowa oili. Nyuma ya injini kuna sili ya krenki na kile kibati cha kutenganishia oili, ambacho mara nyingi kimetengenezwa kwa plastiki na hujikunja kwa joto. Injini ikitoka, weka cha chuma. Hakiko kwenye karatasi yako, nami ningekilipia kabla ya mauntingi.

Kamba_na_Spana

Kwa gereji yenye lifti ningeshusha giaboksi tu, taimingi ifanyike injini ikiwa ndani. Kutoa injini kunafungua hosi za maji, mabomba ya mafuta, soketi za waya, na mpira wa miaka 20 hukatika ukiushika.

gia_ya_tatu

Kwenye lifti sawa. Chini kwa jeki, kuipanga giaboksi hiyo irudi kwenye pleti bila kuiacha ining'inie kwenye shafti ni taabu, na hapo ndipo pleti mpya zinapopindwa. Hosi za miaka 20 zinazokatika ukizishika zingekatikia barabarani pia.

spea_kwa_spea

Bei za spea hazina maana bila jina la mtengenezaji na namba ya spea. "Mkanda 180,000" ni mkanda gani? Andikisha kila mstari: mtengenezaji, namba, mpya au mtumba, dhamana ya muda gani. Kisha piga simu maduka matatu ya Kariakoo ukiwa na namba hiyohiyo. Gereji kuongeza faida kidogo juu ya spea ni halali kama inabeba dhamana. Ukileta spea mwenyewe, ukubali kwamba ikifa, ufundi wa pili ni juu yako.

Mtumba nunua kwa vitu usivyopata vipya kwa bei ya maana. Rola, tenshena, mkanda, sili na pampu havinunuliwi mtumba hata kwa bure. Turbo ya mtumba ipimwe shafti mbele yako, na usome kibati chake: injini hii kwa kawaida hubeba turbo ya aina ya TD04.

Vimiminika 300,000, uliza lita. Injini ni lita 4.5 hivi, giaboksi na difu ya mbele zinatumia oili moja, lita 3.5 ya 75W-90 GL-5, difu ya nyuma lita 0.8. Kulanti halisi, siyo maji ya bomba yenye rangi. Ijazwe kupitia lile tanki la chuma juu ya injini, siyo rejeta, na hewa itolewe yote. Mfuko wa hewa baada ya kazi ya pampu ndio unaochoma hedi zilizokuwa nzima.

boksa_nne

Naongeza la kumkagua fundi siku ya taimingi. Alama ya kupangia krenki kwenye EJ siyo ule mshale unaoonekana mbele ya gia. Ni mstari mdogo kwenye jino la nyuma yake. Akipanga kwa mshale, valvu zitagonga. Tenshena ibanwe polepole ikiwa imesimama wima, ipitishwe pini. Baada ya kufunga, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama za gia zirudi mahali pake (alama za mkanda hazitarudi, ni sawa). Gari la gia za mkono lina vilinzi vya mkanda, na nafasi yake ni milimita 1 hivi. Vingi hutupwa na mafundi wanaodhani ni vya ziada. Boliti za tapeti kava ni Nm 5 hadi 6 tu. Zikikazwa kwa nguvu gasketi mpya inavuja wiki hiyohiyo. Silikoni ni nukta ndogo kwenye pembe, siyo mzunguko mzima, kwani vipande vyake huziba chujio la oili.

Mwenye_GDA

Vipimo vimefanyika. Kompresheni 150, 148, 152, 145. Kemikali imebaki bluu. Shafti ya turbo haichezi kwa urefu. Moshi ni wa chini ya boneti, tapeti kava ya kulia imelowa. Mauntingi hazijapasuka. Karatasi mpya, injini nje: seti kamili ya taimingi na pampu 620,000, tapeti kava 160,000, seti ya klachi na beringi zake 850,000, flaiwili kupigwa fesi 60,000, sili ya nyuma na kibati cha chuma 110,000, valvu ya kupumulia 40,000, vimiminika 300,000, ufundi 900,000. Jumla 3,040,000.

gia_ya_tatu

Hiyo nailipa. Ufundi wa 900,000 kwa injini kutoka na kurudi, taimingi, tapeti kava na klachi, ni kazi ya siku mbili au tatu za mafundi wawili. Omba tu oringi na sili ya oili pampu ziingie humo, chukua spea zote za zamani mkononi, na kilomita 500 za kwanza za klachi usiipige mzigo mzito.