Mnaosema kuhamia Linux ni dakika 20, njooni mnijibu

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo atakayeona nimepitiliza anisamehe mapema.

Kisa ni hiki. Kompyuta yangu ni nzima. Kibodi nzima, kioo hakina mkwaruzo, RAM nilishaiongeza. Mfumo endeshi wa kulipia niliokuwa natumia (ile programu kuu inayoendesha kompyuta) ukanitangazia kwamba toleo jipya haliingii kwa sababu prosesa yangu haimo kwenye orodha yao, na hili la zamani halitapata tena masasisho ya usalama. Yaani mashine inayofanya kazi zangu zote nikaitupe. Nikauliza wajuzi. Jibu likaja kwa sauti moja: hamia Linux, ni mfumo endeshi wa bure, ni rahisi, dakika 20 umemaliza.

Nilianza Ijumaa usiku. Jumapili jioni ndipo nilipofanikiwa kufungua ukurasa wa kwanza wa intaneti kwenye hiyo kompyuta. Sasa nauliza, hizo dakika 20 mlizipima kwa saa gani?

Tuanze na hatua ya kwanza tu. Mwongozo niliopewa ulisema niingie kwenye bayosi (mipangilio ya mashine inayotangulia mfumo kuwaka), nizime ule ulinzi wa Secure Boot, kisha niwashe mashine kwa flashi. Nikazima. Flashi nikasahau kuichomeka (kosa langu, nakubali), mashine ikajiwashia kama kawaida, na badala ya picha ninayoizoea nikakutana na skrini ya rangi moja inadai namba ya kufungulia diski. Tarakimu 48! Mimi hata sikujua kama diski yangu imesimbwa, yaani imefungwa isisomeke bila ufunguo. Sikuwahi kuifunga. Kumbe mfumo ulijifungia wenyewe tangu siku ile nilipoingia na akaunti yangu kwa mara ya kwanza, ufunguo ukauhifadhi kwenye akaunti hiyohiyo huko mtandaoni, na ukiona mipangilio ya kuwashia imeguswa unakuhesabu mwizi.

Kazi zangu za miaka sita zimo humo. Mikono ilinitetemeka, sioni aibu kusema. Ufunguo nilikuja kuupata kwa simu, baada ya kuhangaika na nywila ya barua pepe ambayo siitumii tena, nikawa nazisoma zile tarakimu sita sita kwenye simu huku naziandika kwa kidole kimoja. Kundi la tano nikakosea. Nikarudia.

Sentensi moja tu ingeniokoa: kabla hujagusa bayosi, angalia kama diski imesimbwa, na ufunguo uandike kwenye karatasi. Hakuna aliyeiandika. Ila muda wa kunisimulia jinsi Linus Torvalds alivyoitangaza keneli yake, kile kiini cha Linux, Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki mlikuwa nao. Muda wa kubishana kama tuseme Linux au GNU/Linux mlikuwa nao, tena kurasa mbili nzima.

Haya, nikasakinisha. Hapa niseme ukweli, hiyo ndiyo sehemu pekee iliyotimiza ahadi, hata dakika 20 haikufika. Nadhani ndiko mlikoitoa hiyo namba. Mnahesabu muda wa faili kunakiliwa kwenye diski halafu mnauita kuhama.

Mashine ikawaka, inapendeza, kila kitu kipo isipokuwa waifai. Siyo kwamba iligoma kuunganika. Haikuwepo kabisa, hata alama yake. Nikauliza kwa simu, mmoja akajibu, "Hiyo chipu inataka famwea yake, fungua terminali uipakue." (Terminali ni lile dirisha la kuandikia amri.) Niipakue kwa njia ipi, ndugu yangu, wakati ninachokosa ndicho hicho cha kupakulia? Na hii mashine ni nyembamba, haina tundu la kebo ya mtandao. Mwingine akasema, "Ajabu, kwangu iliwaka tu." Hongera zako.

Wala siyo ajabu. Famwea ni kile kiprogramu ambacho chipu lazima ipewe ndipo ifanye kazi, na nyingi za waifai siyo huria, mtengenezaji anatoa faili tu na msimbo wake hauoni. Debian, ambayo distro nyingi (yaani aina mbalimbali za Linux) zimezaliwa kutoka kwake, kwa miaka mingi ilikataa kuziweka kwenye faili lake rasmi la kusakinishia kwa sababu ya msimamo wao wa uhuru wa programu. Mwaka 2022 wakapiga kura kubadilisha, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 likaja nazo ndani. Tatizo ni kubwa na linajulikana kiasi cha kupigiwa kura, halafu mimi naambiwa ni ajabu.

Dawa niliigundua mwenyewe Jumapili. Unachomeka simu kwa kebo ya USB, unawasha kule kugawa intaneti kwa USB, kompyuta inaiona simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Huhitaji kupakua kitu. Siku mbili za mateso zimemalizwa na kebo ya kuchajia, na katika watu kumi na mmoja walionijibu hakuna hata mmoja aliyeitaja.

Terminali sasa. Nikaandika amri ya sudo niliyopewa (ile ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine), ikaniomba nywila. Nabonyeza herufi, hakuna kinachotokea. Si nyota, si nukta, kile kimstari kinapepesa palepale. Nikajua kibodi imekufa. Wakuu, nilitafuta kibodi nyingine nikaichomeka! Kumbe ndivyo ilivyo, inaficha hadi idadi ya herufi ili aliye nyuma yako asihesabu. Ni jambo la maana, sikatai. Ila nilipouliza, jibu lilikuwa maneno mawili: "Soma mwongozo." Na kuna mwingine, huyu sitamsahau, alinipa amri ya kufuta diski nzima, akaweka na kicheko mwishoni. Kilichoniokoa ni kwamba kufikia hapo nilikuwa simwamini tena mtu.

Saa nayo. Nilikuwa nimeuacha mfumo wa zamani upande wa pili wa diski, na kila nikihama kutoka huku kwenda kule saa inakuwa imekosea. Linux inaichukulia saa iliyo ndani ya mashine kuwa ni UTC, yaani saa ya kimataifa, ule mwingine unaichukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo, basi kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Amri moja ya timedatectl ikamaliza. Hilo nimesamehe.

Ambalo sijasamehe ni la ripoti. Ilikuwa na kurasa 12. Nikaifungua kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, zikawa 14. Jedwali limepasuka katikati, kichwa cha habari kimebaki chini ya ukurasa peke yake, na sahihi imekaa ukurasa wa mwisho haina hata mstari mmoja juu yake. Sikuona mapema, nikaituma hivyohivyo. Nilivyojisikia nilipopigiwa simu naomba nisieleze.

Kumbe kisa ni fonti. Ripoti iliandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya kampuni na haiji na Linux, hivyo ikawekwa nyingine yenye herufi pana zaidi na mistari yote ikasukumana. Kuna fonti ya bure inaitwa Carlito, iliyotengenezwa makusudi kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri. Unaisakinisha, unafungua faili tena, kurasa zinarudi 12. Nimejaribu, zimerudi. Narudia, ni fonti moja tu! Mliijua? Kama mliijua, kwa nini mlikaa kimya? Na kama hamkuijua, basi hamjawahi kumtumia mtu waraka wa maana, na mnawashauri watu wanaofanya kazi za ofisi.

Nikilalamika, kuna wanaoniletea kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, eti tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Najua. Zina mainjinia wa zamu usiku na mchana. Mimi nina printa.

Mngeniletea habari za Munich basi. Jiji zima la Ujerumani, lina idara yake ya kompyuta na wataalamu wa kulipwa. Baraza liliamua kuhama mwaka 2003, na kazi ikatangazwa kumalizika 2013, kompyuta kama 15,000. Miaka kumi. Na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi walikotoka. Unaweza kusema ilikuwa siasa, na siasa ilikuwemo, lakini hakuna aliyesimama pale akawaambia ni dakika 20.

Gendarmerie ya Ufaransa, lile jeshi lao la polisi, ndiyo iliyotumia akili, na hawa ndio ningependa mtu anitajie kabla sijaanza. Hawakugusa mfumo kwanza. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi tu, wakaweka OpenOffice juu ya mfumo uleule wa zamani. Baadaye Firefox kwa intaneti, na Thunderbird kwa barua pepe. Watu walipokwisha kuzoea ndipo, kuanzia 2008, wakaubadilisha mfumo ulio chini na kuweka Ubuntu, moja ya distro za Linux, na mtumiaji akakuta programu zake ni zilezile. Makumi ya maelfu ya kompyuta. Mimi ningeanza hivyo, ningeizoea LibreOffice nikiwa bado kwenye mfumo ninaoujua.

Na ile flashi ya kusakinishia! Hili ndilo lililonipandisha hasira mpaka nikafungua uzi. Flashi ileile inaweza kuendesha Linux moja kwa moja bila kugusa diski. Unawasha, unaangalia waifai ipo, sauti ipo, printa inachapa, unazima, unatoa flashi, kompyuta inabaki kama ilivyokuwa. Robo saa tu. Ningeiona waifai haipo nikiwa bado sijabadilisha chochote. Mwongozo wenu ulisema "bonyeza Sakinisha", nikabonyeza.

Kabla hamjaniambia nirudi nilikotoka, sirudi. Uzi huu nauandikia kwenye Linux hiyohiyo. Mashine imekuwa nyepesi, feni siisikii tena, na hakuna kinachojiwashia upya bila ruhusa yangu nikiwa katikati ya kazi. Printa inachapa. Skana bado, nitaanzisha uzi wake. Sina ugomvi na Linux. Nina ugomvi na ninyi mnaoitangaza.

Na distro niliyoweka siitaji, kwa sababu nawajua.

NYONGEZA: Jibu la kwanza limeingia baada ya dakika nne. "Tatizo lako ni distro, ungeweka ninayotumia mimi." La pili linampinga wa kwanza. Wa tatu ameleta ya kwake. Kuhusu ufunguo wa diski, hakuna aliyegusa.