Ciprofloxacin pamoja na dawa nyingine: mama apange vipi saa za kumeza?

Swali

Habari za jioni wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 66, ameandikiwa ciprofloxacin miligramu 500, kidonge kimoja kila baada ya saa kumi na mbili, kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Amezoea kumeza dawa zake zote kwa chai ya maziwa, zikiwemo za kuongeza damu, na usiku hutafuna vidonge vya magnesiamu kwa ajili ya kiungulia. Je, ni kweli kwamba maziwa huiharibu dawa hii? Kwa pumu anatumia aminofilini kila siku, na prednisolone kifua kinapombana. Ataanza dozi kesho alfajiri.

Jibu (mfamasia)

Maziwa hayaiharibu, ila kalsiamu, madini ya chuma na magnesiamu hushikamana na ciprofloxacin tumboni, kisha sehemu ya dawa hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Akimeza saa 12:00 asubuhi na saa 12:00 jioni kwa maji matupu, chai isubiri hadi saa 2:00. Dawa ya damu inatakiwa ipishane na kidonge kilichotangulia kwa saa mbili, na kinachofuata kwa saa sita. Kwa hiyo saa 4:00 asubuhi inafaa, na magnesiamu saa 3:00 usiku.

Hayo hata hivyo ni madogo. Kilichonishtua ni aminofilini. Ciprofloxacin huzuia ini kuivunjavunja, na kiwango chake kikipanda mgonjwa hupata kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hata degedege. Asianze kabla hujazungumza na daktari aliyemwandikia.

Jibu (muuguzi)

Naunga mkono, na ninaongeza prednisolone. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka dawa za kundi la ciprofloxacin zibebe onyo kali kuhusu kuvimba na kukatika kwa kano, hasa ile ya kisigino, na hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 anayetumia dawa za aina ya prednisolone. Unapokwenda, beba pakiti zote za dawa zake kwenye mfuko, kwa sababu mgonjwa akiulizwa anatumia nini, mara nyingi ile aliyoizoea miaka mingi ndiyo anayoisahau.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Kumbe pumu anatibiwa kliniki nyingine, na daktari hakuwa na taarifa. Ameisimamisha ciprofloxacin, ameagiza mkojo uoteshwe maabara ili bakteria watambuliwe, na baada ya kupima figo amempa nitrofurantoin. Shangazi sasa anaomba vile vidonge avitunze, eti vitamfaa akipata homa ya matumbo.

Jibu (mfamasia)

Shangazi asipewe, virudisheni duka la dawa, kwa kuwa homa ya matumbo inataka vipimo, na bakteria wake wengi wamekwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo hiyo. Nitrofurantoin mama aimeze pamoja na chakula, wala asishtuke mkojo ukigeuka wa kahawia. Magnesiamu ya kutafuna aiweke kando hadi amalize dozi, maana hupunguza ufyonzwaji wa hii pia. Tena, akianza kikohozi kipya, homa au kubanwa kifua, msihesabu kuwa ni pumu tu: mapafu yanaweza kuwa yameikataa dawa, hivyo awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.