Naomba ushauri, nataka kuchangia msaada wa kisheria

Habari zenu wakuu. Mwaka juzi shemeji zake mama mdogo walitaka kumtoa kwenye nyumba baada ya mumewe kufariki, hela ya wakili hana, akasaidiwa bure na wasaidizi wa kisheria mpaka mirathi ikaisha, yaani nauli tu ndo alitoa. Sasa na mimi nataka nirudishe fadhila, kama elfu 30 kila mwezi, nawaza TAWLA (chama cha wanasheria wanawake Tanzania) au LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu).

Shida ni njia. Kuna namba nilitumiwa WhatsApp eti ya michango, nilivyoiweka kwenye simu kabla sijabonyeza namba ya siri likatokea jina la mtu binafsi, nikaghairi hapohapo. Je, ni bora niende ofisini kwao wanipe akaunti yenye jina la taasisi halafu benki iwe inakata yenyewe kila mwezi, au lipa namba inatosha? Na risiti wanatoa? Pia hivi naweza kusema hela yangu iende kwenye kesi za wajane tu au ndo nitaonekana msumbufu, maana elfu 30 yenyewe ndo hiyo 😅

Mliowahi kuchangia nielekezeni.