Naomba ushauri: kufunga valvu ya umeme ya kukata petroli kwenye pikipiki

Mpanda Mlima (mleta mada)
Ndugu wanajamvi, salamu. Nina pikipiki ya kabureta, injini ya sentimita za ujazo 125, ambayo petroli yake hushuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe bila pampu. Kila jioni ninapaswa kufunga koki kwa mkono, na mara nyingi ninasahau. Kwa hiyo ninataka kuweka kwenye mpira wa mafuta valvu ya umeme ya volti 12, itakayofunguka ninapowasha swichi na kujifunga ninapozima. Ninachoomba ni namna ya kuunganisha waya tu: je, nichukue umeme moja kwa moja kwenye swichi, au nipitishe kwanza kwenye rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya pikipiki)? Nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumamosi.

Fundi Bisibisi
Valvu ya wati 10 kwa volti 12 hula chini ya ampea 1, mzigo ambao swichi nzima huubeba bila rilei. Weka fyuzi ndogo karibu na mahali unapochukulia umeme, na uhakikishe kwamba valvu ni ya aina inayobaki imefungwa pasipo umeme. Lakini kabla ya waya, tuambie ni valvu gani. Zipo zinazofunguka kwa kusaidiwa na msukumo wa kimiminika chenyewe. Hizo zimeundwa kwa mabomba ya maji na nyingi zinahitaji shinikizo la karibu nusu baa, ilhali petroli iliyo sentimita 30 juu ya kabureta hutoa takribani baa 0.02. Angalia na sili ya ndani imetengenezwa kwa mpira wa aina gani: wa EPDM huvimba kwenye petroli, wa nitrili au Viton hustahimili.

Msafiri wa Usiku
Mimi nisingeweka umeme kabisa, na nina sababu. Niliwahi kufunga valvu ya namna hiyo, waya wake ukakatika kwa mtikisiko nikiwa ninalipita lori. Petroli iliyosalia kwenye bakuli la kabureta ilinisukuma mbele kwa muda mfupi, kisha injini ikanyamaza nikiwa sambamba na gurudumu la nyuma, karibu kiasi cha kuziona nati zake zikizunguka. Lori likapita, nami nikasimama pembeni nikitetemeka. Ipo koki inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe, ina utando wa mpira ndani na haihitaji waya hata mmoja. Itafute hiyo.

Mama Wawili
Kufunga koki ni kazi ya sekunde mbili, mwanangu, na anayeisahau ataisahau na fyuzi. Hata hivyo, kuna jambo silielewi. Sindano ya boya, ile inayoziba petroli boya la kabureta linapopanda, ikiwa nzima, petroli haivuki kabureta hata koki ikikaa wazi usiku kucha. Sasa wewe unaogopa nini hasa?

Mpanda Mlima (mleta mada)
Ni kweli, lipo jambo sikulieleza, kwa kuwa sikuona kwamba linahusika. Wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilipokanyaga kiki iligonga na kugoma katikati, kama imekanyaga jiwe. Nilifungua plagi, nikakanyaga tena, petroli ikaruka kupitia tundu la plagi hadi ukutani. Tangu siku hiyo oili imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka petroli. Lakini pikipiki inawaka vizuri na ninaitumia kila siku. Naomba tusitoke nje ya mada: valvu nimeshainunua, mpira wa mafuta nimeshaukata, na naamini petroli ikizuiwa juu, huku chini kutapona kwenyewe.

Fundi Bisibisi
Acha kuiendesha leo. Silinda ilijaa petroli, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Ungetumia stata badala ya kiki, huenda ungepinda kono la pistoni. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye bearingi, kwa hiyo kila safari unayokwenda inakula injini. Valvu itapunguza madhara wakati umeegesha tu, kwa sababu ukiwasha swichi inafunguka na petroli inaendelea kufurika kama kawaida.

Sishawishiki
Ndugu zangu, hadithi hii haiungani, na ninasema hivyo bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Kabureta nyingi za pikipiki za aina hii zina mrija wa kumwagia ziada, ambao mdomo wake wa ndani uko chini ya njia ya kuingilia kwenye injini. Sindano ikishindwa, petroli humwagika ardhini kwanza. Ili ifike kwenye silinda ingepaswa kuruka njia iliyo wazi na kupanda juu. Ama tunasimuliwa jambo lisilotokea, ama kuna mtu anaandaa soko la valvu zake humu.

Msafiri wa Usiku
Hata mimi nilijiuliza. Mtu mwenye oili yenye petroli anaulizaje habari za rilei?

Mpanda Mlima (mleta mada)
Imeniuma kuitwa muongo, kwa hiyo nitasema yote. Mrija huo nimeuziba mimi. Pikipiki hulala sebuleni kwa kuhofia wezi, na mwezi uliopita ulianza kudondosha petroli sakafuni. Mke wangu alilalamika kwamba harufu inafika chumba cha watoto. Nilichomeka skrubu kwenye ncha ya mrija nikaikaza kwa waya, matone yakakoma, nikadhani nimelitibu tatizo. Valvu niliinunua ili harufu isirudi. Sikuliandika hili kwa sababu nilijua mtaniambia niiondoe skrubu, nami sina mahali pengine pa kuiweka pikipiki.

Sishawishiki
Ninaomba radhi, sasa inaungana. Mrija ule ulikuwa ukikutahadharisha, na ulipouziba petroli ikatafuta njia ya pili: ikaingia kwenye silinda, ikapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Iondoe skrubu, lakini utoe pikipiki nje kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kufuata mwanya wa chini ya mlango, na hauhitaji zaidi ya cheche ya swichi. Mimi ningekubali iibwe kuliko ilale na watoto ikiwa hivyo.

Mama Wawili
Mficha maradhi, kifo humuumbua. Itoe usiku huu huu, mwanangu. Toa petroli yote tangini huko huko nje, ukiwa mbali na moto, uihifadhi kwenye dumu lililofungwa vizuri, nje ya nyumba.

Fundi Bisibisi
Kisha fungua bakuli la kabureta. Itazame ncha ya sindano kwenye mwanga, halafu litikise boya sikioni. Usiiwashe kabla ya kubadilisha oili.

Mpanda Mlima (mleta mada)
Nimefanya. Ncha ya sindano ina mfereji ulioizunguka kama alama ya pete kwenye kidole, na ndani ya boya nimesikia petroli ikicheza. Oili imetoka mbio kama maji ya chai. Pikipiki iko nje, nimeifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Bado ninapenda wazo la valvu, ila nimesoma kibandiko chake: kimeandikwa shinikizo la chini kabisa baa 0.5.

Fundi Bisibisi
Hiyo ni ya maji, irudishe. Weka sindano mpya, kiti chake ukisafishe, na boya jipya. Ukitaka valvu baadaye, tafuta inayofunguka bila shinikizo, kisha uipime: petroli ishuke kupitia kwayo ndani ya chupa kwa dakika nzima. Injini ya 125 haimalizi mililita 100 kwa dakika hata ikikimbizwa, kwa hiyo ukipata 200 unatosheka.

Mpanda Mlima (mleta mada)
Na mpira niliokwisha kuukata, naweza kuuunga?

Fundi Bisibisi
Usiuunge. Weka mpya mzima, na klipu kila upande.